Elephant Bill: Mlinzi wa ndovu aliyefunzwa na wachungaji wa Burma

KWA wazee waliotumikia kikosi cha Keya katika Vita vya Pili vya Dunia, jina la Burma halikuhitaji maelezo. Huko ndiko vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikopelekwa na mkoloni kupigana na Wajapani, katika misitu ambayo hawakuwahi hata kuisikia.

Katika nusu ya pili ya mwaka wa 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw, karibu na mpaka wa India. Mvua za monsuni zilinyesha usiku na mchana, matope yakawafika magotini na malaria ikawaangusha wengi. Walisonga vivyo hivyo hadi Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, walikofika mwishoni mwa mwaka huo.

Bonde hilo lilikuwa na jeshi lingine ambalo halikuvaa sare wala kushika bunduki. Lilikuwa jeshi la ndovu, waliobeba magogo kwa pembe na mikonga yao na kuyapanga yakawa madaraja ya kuvusha magari na askari.

Aliyewaongoza ndovu hao alikuwa Mwingereza, Luteni Kanali James Howard Williams, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Elephant Bill. Aliaga dunia mwaka wa 1958, lakini mpaka leo hakuna mazungumzo ya dhati kuhusu ndovu wa Asia na watu wanaoishi nao yanayoweza kulipita jina lake.

Hata hivyo, sifa zake zimezoea kusimuliwa nusu. Ujuzi uliompatia heshima hakuja nao kutoka Uingereza. Aliupata kwa watu wa msituni, ambao riziki yao ilitegemea uhai wa ndovu na ambao majina yao hayajulikani sana.

Williams alizaliwa Novemba 15, 1897, katika mji mdogo wa St Just, jimbo la Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Alipofikia umri wa utu uzima, Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimepamba moto, naye akajiunga na jeshi.

Alihudumu Misri katika kikosi cha ngamia, na baadaye akapelekwa Mesopotamia na katika milima ya mpakani mwa Afghanistan. Vita vilimwacha kijana aliyechoshwa na mauaji, aliyependa wanyama na asiyetamani kazi ya kukaa ofisini.

Mwaka wa 1920 alipata kazi ya usimamizi wa misitu katika kampuni ya Bombay Burmah Trading Corporation, akasafiri hadi maeneo ya juu ya mto Chindwin.

Kampuni hiyo haikuwa ya kawaida. Ilianzishwa mwaka wa 1863 na ilitajirika kwa mbao za msaji, mti ambao wengi wetu huuita mtiki. Ni mbao ngumu isiyoliwa na mchwa kwa urahisi wala kuozeshwa na maji ya chumvi, na ndiyo maana waunda merikebu waliithamini kama dhahabu.

Mwaka wa 1885 baraza la Mfalme Thibaw wa Burma liliitoza kampuni hiyo faini kubwa kwa madai kwamba ilikuwa ikivuna magogo bila kulipia ushuru wote. Waingereza walilifanya shauri hilo kuwa sababu ya vita. Mfalme aling'olewa, akahamishiwa Ratnagiri nchini India, na nchi yake ikamezwa na dola ya Uingereza.

Msomaji anayekumbuka jinsi Kampuni ya Imperial British East Africa ilivyoitangulia serikali ya kikoloni hapa kwetu hatashangazwa na kisa hicho. Williams alikuwa mwajiriwa wa biashara ya aina hiyo, na maisha yake hayawezi kutenganishwa nayo.

Kampuni ilimiliki ndovu wapatao 2,000. Bila wao biashara ya msaji ingekufa, kwani miti hiyo huota ikiwa imetawanyika milimani na mabondeni, mahali ambapo wakati huo hapakufikika kwa gari wala kwa reli.

Kazi yenyewe ilihitaji subira. Msaji mbichi hauelei majini, kwa hiyo wafanyakazi walikata gome la mti kuuzunguka shina na kuuacha ukauke ukiwa umesimama kwa takriban miaka mitatu. Ndipo ulipoangushwa, na ndovu akalivuta gogo kwa minyororo hadi kwenye kijito.

Mvua ziliposhuka, maji yalijaa na kuyainua magogo, yakasafiri hadi Chindwin, kisha mto Irrawaddy, mpaka kwenye viwanda vya kupasulia mbao mjini Rangoon. Magogo yalipokwama na kurundikana mtoni, ndovu ndio waliotumwa kuyakwamua, kazi ya hatari iliyotaka akili zaidi ya nguvu.

Kila ndovu alikuwa na mtu wake. Waburma humwita oozie, naye ndiye mchungaji, mwendeshaji na mwuguzi wa mnyama huyo. Aliketi shingoni na kumwongoza kwa sauti, na kwa kumgusa kwa vidole vya miguu nyuma ya masikio.

Jioni mchungaji alimwogesha ndovu mtoni, akamtia pingu miguuni ili asiende mbali, kisha akamwachilia msituni kujitafutia chakula. Usiku ndovu wa kampuni walichanganyika na ndovu wa mwituni, na ndama wengi waliozaliwa kambini walikuwa na baba wa porini.

Shingoni mwa kila ndovu ilining'inia kengele ya mti iliyochongwa na mchungaji wake mwenyewe, na sauti ya kila moja ilitofautiana na ya nyingine. Alfajiri mchungaji aliingia msituni akifuata nyayo na kutega sikio, na aliitambua kengele yake miongoni mwa nyingi.

Kuishi hivyo hakukuwa kazi ya mshahara pekee. Burma ni nchi ya Kibuddha, na masimulizi ya dini hiyo husema kwamba mama yake Buddha aliota ndoto ya ndovu mweupe kabla ya kumzaa. Wafalme waliona ndovu mweupe kuwa ishara ya utawala wenye baraka, nao watu wa msituni waliwatolea sadaka pepo wanaoitwa nat ili wawalinde wao na wanyama wao.

Aidha, kazi hiyo ilirithiwa. Mtoto wa kiume alianza kwa kumsaidia baba yake kambini, akajifunza dawa za majani, tabia za kila ndovu na dalili za hatari. Wengi wao walikuwa Waburma, na wengine walitoka katika jamii ya Wakaren.

Williams alipofika hakujua lolote katika hayo. Mmoja wa ndovu wa kwanza kukabidhiwa, jike mzee, alimfia mikononi. Kijana huyo alimpasua mzoga ili aone viungo vya ndani vilivyo, na hayo yakawa masomo yake ya kwanza ya utabibu wa ndovu.

Yaliyobaki alifundishwa na watu. Mwalimu wake mkuu alikuwa Po Toke, Mburma aliyekuwa na mawazo yaliyopingana na desturi ya kampuni.

Wakati huo ndovu wengi wa kazi walikamatwa porini wakiwa wakubwa. Walifungiwa katika maboma ya magogo, wakapigwa na kunyimwa chakula hadi wakakubali kutii. Wengine walikufa, na waliosalia walibaki na makovu mwilini na chuki moyoni.

Wakubwa wa kampuni hawakuona faida ya kulea ndama waliozaliwa kambini. Ndovu huhitaji takriban miaka 20 kabla ya kuanza kazi nzito, na mhasibu hapendi kungoja muda huo. Akina mama waliendelea kufanyishwa kazi, na ndama wengi wakafa.

Po Toke aliamini kwamba ndama aliyelelewa karibu na binadamu angeweza kufundishwa kwa upole, akawa mfanyakazi bora kuliko yule aliyevunjwa moyo kwa mapigo. Ushahidi wake alikuwa na miguu minne na jina lake lilikuwa Bandoola.

Bandoola alizaliwa mwaka wa 1897, mwaka ule ule wa kuzaliwa kwa Williams. Alipewa jina la Maha Bandula, jenerali aliyeongoza majeshi ya Burma dhidi ya Waingereza na kuuawa vitani mwaka wa 1825. Kumwita ndovu jina hilo chini ya utawala wa Waingereza hao hao kulikuwa na ujumbe wake, kwani Po Toke hakuficha mapenzi yake kwa uhuru wa nchi yake.

Williams alimtazama dume huyo shupavu asiye na kovu la mateso, akashawishika. Kwa miaka kadhaa aliwakabili wakubwa wake kwa hoja walizozielewa, yaani hesabu ya gharama. Hatimaye kampuni ilikubali ianzishwe shule ya ndama pamoja na hospitali ya ndovu.

Katika shule hiyo, ndama alishawishiwa kwa ndizi hadi ndani ya zizi dogo la magogo yaliyopakwa mafuta yasimchubue. Kijana aliyekusudiwa kuwa mchungaji wake alishushwa polepole juu ya shingo, akainuliwa na kushushwa tena, huku ndama akituzwa kila alipotulia. Kijana na ndama walikusudiwa kukua pamoja.

Si haki kudai kwamba njia hiyo haikuwa na uchungu wowote. Ndama alitenganishwa na mama yake na kunyimwa uhuru, na watetezi wa wanyama wa zama hizi wangekuwa na mengi ya kuuliza. Ikilinganishwa na maboma ya mateso, hata hivyo, yalikuwa mapinduzi.

Williams alizingatia pia maisha ya ndovu wenyewe. Aliona kwamba jike anapojifungua, jike mwingine husimama naye kumlinda ndama dhidi ya chui milia, mfano wa shangazi katika ukoo. Mwaka wa 1932 alimwoa Susan Rowland, ambaye aliishi naye katika kambi za msituni na kuzaa naye watoto.

Utulivu huo ulikatizwa na vita. Wajapani waliivamia Burma mapema mwaka wa 1942, na Rangoon ikaanguka Machi mwaka huo. Williams alisaidia kuwahamisha wanawake na watoto hadi India, ndovu wakibeba mizigo katika njia za milimani.

Baadaye jeshi la Uingereza lilimwita awe mshauri wa mambo ya ndovu. Maafisa wengi walidhani ndovu ni punda mkubwa wa kubeba mizigo. Williams alishikilia kwamba thamani yake iko katika ustadi wa kuinua gogo, kulipima na kuliweka mahali pake, jambo lililohitaji mchungaji wake kuwa naye.

Wachungaji hao walikuwa wametawanyika vijijini, wengi upande uliotekwa. Walianza kurudi mmoja mmoja, wengine wakivuka mistari ya vita na ndovu wao. Po Toke alikuwa miongoni mwao, na Bandoola naye akaingia katika orodha ya jeshi.

Machi 1944, Wajapani waliposhambulia kuelekea Imphal, Williams aliamriwa kuwaondoa ndovu wasije wakatekwa. Alichukua zaidi ya ndovu 40, wachungaji wao, walinzi Wakaren na wanawake na watoto wakimbizi zaidi ya 60, akaelekea magharibi kuvuka milima isiyokuwa na barabara hadi Assam.

Njiani walikuta genge lililosimama wima kama ukuta. Watu walichonga ngazi katika jiwe, kila kipandio kikiwa na upana wa kutosha unyayo wa ndovu. Swali likawa ni ndovu yupi angekubali kutangulia.

Alitangulia Bandoola, akiongozwa na Po Toke. Alipanda hatua kwa hatua, na wengine wote wakamfuata. Msafara ulifika salama katika mashamba ya majani chai ya Assam baada ya takriban majuma matatu.

Vita vilipogeuka, ndovu walirudi Burma na jeshi lililokuwa likisonga mbele. Jenerali William Slim, kamanda wa Jeshi la 14, aliandika baadaye kwamba ndovu hao waliwajengea madaraja kwa mamia. Mwaka wa 1945 Williams alitunukiwa nishani ya OBE.

Ndovu wenyewe walilipia vita kwa gharama kubwa. Wengine walirejeshwa kutoka mikononi mwa Wajapani wakiwa na vidonda vya asidi iliyovuja kutoka kwa betri walizobebeshwa, na wengine pembe zao zilikuwa zimekatwa. Wengi waliuawa na ndege za upande wa Uingereza zilipokuwa zikiwatafuta waliobeba shehena za adui.

Bandoola naye hakuuona mwisho mwema. Alikutwa amekufa kwa risasi, pembe yake moja ikiwa imekatwa na kuchukuliwa. Aliyemuua hakujulikana kwa yakini, na Williams alibaki na shaka iliyomgusa hata Po Toke mwenyewe. Ilimuuma kuliko mambo mengi aliyoyaona vitani.

Mwaka wa 1946 Williams alirejea Cornwall. Burma ilijipatia uhuru Januari 4, 1948, na serikali mpya ikaitaifisha misitu ya msaji. Kampuni iliyochangia kuanguka kwa mfalme ikafungasha virago.

Huko kwao Williams aliandika vitabu. Elephant Bill kilitoka mwaka wa 1950 na kusomwa kote duniani, kikafuatwa na Bandoola mwaka wa 1953. Aliaga dunia Julai 30, 1958, akiwa na umri wa miaka 60.

Vitabu hivyo vilibadilisha fikra za wengi kuhusu ndovu. Kwa wasomaji wa Ulaya waliomzoea ndovu wa sarakasi au wa bunduki ya mwindaji, Williams alimleta kiumbe mwenye kumbukumbu, urafiki na maamuzi yake.

Urithi mwingine ulibaki Burma, ambayo sasa inaitwa Myanmar. Shirika la mbao la serikali liliendelea kutumia ndovu na kuweka daftari la kila mmoja, likionyesha lini alizaliwa au kukamatwa, mama yake ni nani, aliugua nini na alikufa lini. Wanasayansi wamezitumia kumbukumbu hizo kuchunguza maisha ya maelfu ya ndovu.

Matokeo yake yanawapa haki wazee wa msituni. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba ndovu waliokamatwa porini huishi miaka mitatu hadi saba pungufu kuliko waliozaliwa kambini, kwa kuwa majeraha ya kukamatwa huwaandama kwa muda mrefu. Utafiti mwingine ulionyesha kwamba ndama wa mama mchanga hunusurika zaidi bibi yake anapokuwa karibu.

Hayo ndiyo aliyoyaamini Po Toke bila maabara, na ndiyo aliyoyatetea Williams mbele ya wahasibu.

Lakini kuna kitendawili ambacho Williams hakukitegua. Kazi iliyomlisha ndovu na mchungaji wake ndiyo hiyo hiyo iliyoukata msitu waliouhitaji wote wawili. Maadamu miti ilivunwa polepole, mizani ilisimama. Uvunaji ulipozidi kiasi, hasa katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, msitu ukaanza kwisha.

Aprili 2014 Myanmar ilipiga marufuku uuzaji wa magogo nje ya nchi ili kuiokoa misitu. Hatua hiyo ilikuwa njema kwa miti, lakini mamia ya ndovu walibaki bila kazi, na wachungaji wao wakawa mashakani. Baadhi walihamishiwa katika kambi za watalii, chanzo cha mapato kilichotikiswa na janga la Covid-19 na mapinduzi ya kijeshi ya Februari 2021.

Watafiti wamegundua pia kwamba wachungaji wa siku hizi ni vijana zaidi na huacha kazi upesi. Ndovu anayeweza kuishi zaidi ya miaka 60 hubadilishiwa mlezi mara kwa mara, na elimu iliyopitishwa kutoka baba hadi mwana inakatika.

Porini hali ni mbaya zaidi. Ndovu wa Asia amekuwa katika orodha ya wanyama walio hatarini kuangamia tangu 1986, na inakadiriwa wamesalia chini ya 50,000 porini katika bara zima. Wengine takriban 15,000 wanaishi mikononi mwa binadamu. Nchini Myanmar, majangili wamekuwa wakiwaua hata wasio na pembe ili kuuza ngozi yao.

Ndovu wa kazi si mbadala wa ndovu huru, wala hakuna anayetaka kurudisha enzi za kampuni za kikoloni. Funzo la maisha ya Williams ni jingine. Kwa miaka zaidi ya mia moja, palikuwa na kundi kubwa la watu maskini ambao ndovu akifa walipoteza riziki, na akipona walikula. Ulinzi wao haukuhitaji askari wala bunduki.

Sera yoyote ya kumwokoa ndovu inayomsahau mtu huyo itajenga ua bila mlinzi. Mkulima ambaye shamba lake la mpunga au la mahindi hukanyagwa usiku mmoja, bila fidia wala manufaa yoyote, atamwona ndovu kuwa adui hata akihubiriwa vipi. Wakazi wa Taita Taveta na Laikipia wanaijua kweli hiyo bila kufika Asia.

Williams alikuwa na bahati ya kuwasikiliza walio chini yake, jambo ambalo wakubwa wengi wa zama zake hawakulifanya. Alipewa nishani, akaandikwa vitabuni. Po Toke na wenzake walibaki msituni na ndovu wao, wakitega sikio kila alfajiri kuzisaka kengele zao.